Homa ya Mfanyakazi Haiandikwi Dukani



Katika kambi nyingi za miwa huku Busoga, na katika mashamba ya chai ya Tooro na Ankole, dawa huanza kuuzwa kabla jua halijatoka. Mkata miwa hupita kibandani panga likiwa mkononi, hutoa sarafu, hupewa vidonge viwili au vitatu vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti, huvimeza kwa chai ya rangi, naye huyoo kazini. Haulizwi anaumwa nini. Hapimwi. Jina lake haliandikwi, labda kama amekopa. Akija ofisa wa kazi wa wilaya kutazama vitabu vya shamba, ataona kwamba mtu yule siku ile alikuwa mzima kabisa, maana alimaliza kipimo chake.

Sisi tulio katika kazi ya chama tumeyaona haya kwa miaka mingi, na tumesikia maneno mengi juu yake. Wauguzi hutuambia kwamba watu wetu ni wakaidi. Redio husema ni ujinga. Waajiri nao husema hata ukimjengea mfanyakazi zahanati ya mawe atakimbilia dukani tu. Maneno hayo ya ujinga hatuyakubali. Mfanyakazi anaijua hesabu yake vizuri kuliko hao wanaomfundisha.

Hesabu yenyewe ni hii. Kukata miwa na kuchuma chai ni kazi ya kulipwa kwa kipimo, yaani mistari uliyoikata au kilo ulizozichuma. Usipokwenda, hupati kitu. Kituo cha afya cha serikali kiko mbali, foleni ni ya tangu asubuhi, na huenda saa tisa ukaambiwa dawa zimekwisha, nenda ukanunue nje. Tangu Machi 2001 matibabu katika vituo vya serikali ya Uganda hayalipiwi, isipokuwa katika wodi za kulipia, na hilo lilikuwa jambo jema ambalo liliwafikisha hospitali watu wengi waliokuwa wakifia nyumbani. Lakini hiyo bure kwa kibarua ina bei yake, nayo ni ujira wa siku nzima. Mtu wa mshahara wa mwezi haioni bei hiyo. Zahanati ya shamba, pale ilipo, mara nyingi hufunguliwa saa mbili asubuhi, wakati watu wamekwisha kuwa ndani ya miwa tangu saa kumi na mbili, tena hufungwa kabla hawajarudi. Na ruhusa ya kwenda huko lazima itoke kwa nyapara, ambaye naye ana tani zake anazodaiwa juu.

Basi kidonge cha kibandani kinaonekana rahisi. Tena mwenye kibanda ni jirani yetu. Anatukopesha mpaka siku ya mshahara, anafungua mlango usiku mtoto akiwaka moto, wala hatufokei. Tukitaka kusema na wenzetu juu ya jambo hili, kuwakemea hakutafaa kitu. Yafaa tuichukue ile hesabu yao wenyewe tuwaonyeshe mahali inapokosewa.

Tuanze na malaria, mgeni wetu wa kila msimu wa mvua. Dawa ya mseto inayotumika siku hizi, ile ambayo wengi huiita Coartem hata kama kasha lina jina jingine, kwa mtu mzima ni vidonge 24. Humeza 4 mara moja, 4 tena baada ya saa 8, kisha 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku mbili zinazofuata. Vimezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, au maziwa, kwa sababu bila mafuta mwili hauipokei dawa sawasawa. Sasa tazama inavyofanyika kambini. Mtu ananunua vidonge 8 kwa kuwa ndiyo fedha aliyo nayo. Siku ya pili homa imeshuka, amerudi kazini, mambo yamekwisha. Mwingine amepewa vyote 24 kituoni, lakini alipofika cha kumi na mbili akajiona mzima, vilivyobaki akaviweka juu ya dirisha viwe vya mtoto. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 humeza kidonge kimoja kila mara, sita kwa jumla. Mama akikisia kwa macho, usiku, kwa mwanga wa simu, atajuaje kama mtoto wake ana kilo 12 au 17?

Nusu dozi hushusha homa, lakini vijidudu vyote haviishi. Wiki mbili tatu baadaye homa imerudi, na kibandani unarudi tena. Piga hesabu mwaka mzima uone kama ule urahisi ulikuwa urahisi. Na kuna jambo kubwa zaidi ya mfuko wa mtu mmoja. Vile vijidudu vinavyobaki ndivyo vilivyo sugu, na mbu huvichukua akawapelekea majirani.

Wazee wetu walitibiwa kwa klorokwini, ile dawa chungu iliyowafanya wengine wajikune usiku kucha. Ilifika mahali ikawa mtu anaimeza na malaria inamcheka. Mwaka 2000 serikali ya Uganda iliamua klorokwini itolewe pamoja na Fansidar. Mpango huo nao haukudumu, na mwaka 2004 ukachaguliwa mseto huu tulio nao. Mwaka 2020 wataalamu walitangaza kwamba Rwanda kumeonekana vijidudu vinavyochelewa kufa kwa dawa za jamii hii, na mwaka 2021 ikatangazwa habari kama hiyo kutoka kaskazini ya Uganda. Dawa bado inaponya, mtu asije akaikataa kwa kusoma maneno yetu. Lakini nyuma yake hakuna ghala lililojaa dawa nyingine zinazotungoja sisi watu wa kambini.

Wala si kila homa ni malaria. Kipimo cha tone la damu kidoleni huchukua kama dakika 20 tu. Yuko mtu ana nimonia, kifua kinambana, naye kila siku anatafuna dawa ya malaria, mpaka anapelekwa hospitali kwa machela. Mtoto anayepumua haraka haraka, au anayetapika kila kitu, au aliyeshikwa na degedege, huyo asisubiri kidonge cha dirishani hata kama ni usiku wa manane.

Wengine watatuuliza, na mululuza je? Sisi hatudharau dawa za mababu. Kwinini yenyewe ni ganda la mti, na wenzetu wa mashamba ya Kivu huko Kongo wamelibandua ganda hilo kwa miaka mingi. Dawa ya mseto nayo imetokana na mmea wa Uchina, na mama aliyeigundua, Tu Youyou, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kilichoifanya ikawa dawa ya kutegemewa ni kupimwa, ijulikane kiasi gani kinaponya na kiasi gani kinadhuru. Kikombe cha mululuza hakina kipimo hicho. Mtu mzima akitaka kunywa, anywe, lakini asimcheleweshe mtoto kwa ajili hiyo.

Juu ya vile vidonge vya rangi mbili tutasema kwa kifupi. Wengi wetu hukifungua na kumwaga unga wake juu ya jeraha la panga. Unga ule hausafishi jeraha. Maji safi na sabuni hulisafisha, na jeraha lenye udongo wa shamba linahitaji sindano ya pepopunda, ambayo kibandani hakuna. Kumeza viwili kwa kikohozi, viwili kwa tumbo, viwili baada ya kulala na mwanamke usiyemjua, ni kuvifundisha vijidudu namna ya kuikwepa dawa. Na mama mjamzito akimeza tetrasaiklini, meno ya mtoto huharibika kabla hajazaliwa. Tunajua wapo akina mama wachuma chai wanaoficha mimba wasije wakaondolewa kazini, na kwa sababu ya kuficha hawaendi kliniki, hujitibu kimyakimya. Hilo ni la chama, si la kuwalaumu wao.

Tunakuja sasa kwenye jambo ambalo kwetu ni baya kuliko yote, nalo halisemwi sana kwa sababu halina homa. Ni vidonge vya maumivu.

Mkata miwa huinama na kuinuka kutwa. Mgongo unauma, mabega yanauma, viganja vimevimba. Zamani mtu alimeza kidonge akiwa ameumia. Siku hizi tunaona watu wanaomeza kabla ya kwenda kazini, ili wasiumie. Diklofenaki asubuhi, nyingine saa sita, na jioni ibuprofeni kwa kuwa diklofenaki imekwisha. Vijana wanasema bila kitu hicho tani hazitoki. Kiwandani ni hivyo hivyo kwa wanaobeba magunia na wanaofanya zamu mbili mfululizo.

Dawa hizi hutoboa tumbo, hasa zikimezwa bila chakula, na mkata miwa wengi wao hawali kitu mpaka mchana. Akiona choo cheusi kama lami, ajue ni damu. Lakini tumbo angalau hulalamika. Figo hazilalamiki. Mtu anayetoka jasho jingi na kunywa maji kidogo, damu yake hupungua maji na figo hupata shida kuisafisha. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake hupunguza tena damu inayokwenda kwenye figo. Ukiunganisha jua, kiu, kazi ngumu na kidonge, unazichapa figo kwa fimbo nne kwa pamoja. Hakuna maumivu, na mtu hujua siku miguu imevimba na mkojo umepungua, wakati huo figo zimekwisha kufa. Mashine za kusafisha damu ziko mbali na kambi zetu, na gharama yake si ya kibarua.

Hili si la kubuni. Katika nchi za Amerika ya Kati, kama Nikaragua na El Salvador, wakata miwa kwa maelfu wamekufa kwa ugonjwa wa figo tangu miaka ya 1990, wengi wakiwa vijana wasio na kisukari wala shinikizo la damu. Wataalamu bado wanabishana juu ya sababu zote, lakini joto na kukaukiwa na maji wakati wa kazi ngumu vimewekwa mbele, na vidonge vya maumivu vimetajwa miongoni mwa vitu vinavyoongeza hatari. Dawa waliyoijaribu kule haikutoka dukani. Ilikuwa maji ya kutosha karibu na mkataji, kivuli, na mapumziko ya saa kwa saa. Sisi tuna miwa ile ile na jua lile lile.

Panadol haina ubaya huo kwa figo, lakini nayo isifanywe karanga. Mtu mzima asipite vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku nzima, usiku na mchana. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli hiyo hiyo ndani, kwa hiyo anayemeza zote mbili anaizidisha bila kujua, na ini ndilo linaloumia. Anayeongeza na waragi, basi tena.

Wapuliziaji dawa za magugu na wadudu wana lao. Mtu anarudi na tangi mgongoni, kichwa kinamgonga, macho yanamtoka machozi, mate yanamjaa, jasho, pengine kutapika. Anameza Panadol mbili, analala, kesho yake anapuliza tena. Maumivu yale ya kichwa ndiyo yalikuwa habari yenyewe, kwamba sumu imeingia mwilini, nayo huingia kwa ngozi hata kama hukuivuta. Panadol imeizima habari hiyo na sumu imebaki. Wengine hupewa maziwa na shamba kila jioni, nao huambiwa yanasafisha. Maziwa ni chakula kizuri na hatutaki wayanyimwe, lakini hayaondoi sumu mwilini, wala hayawi badala ya glovu, buti, nguo ya kazi na maji ya kunawa. Glovu ni ghali kuliko maziwa, na hapo ndipo penye siri.

Sasa ndugu, tuweke mambo haya yote pamoja tuone nani anayefaidika. Mfanyakazi ameugua kwa sababu ya kazi au akiwa kazini. Dawa amenunua mwenyewe. Siku hakupoteza, maana alikwenda hivyo hivyo. Mwajiri amepata kazi ya mtu mgonjwa kwa bei ya mtu mzima, na gharama ya ugonjwa hakuigusa. Juu ya hayo, vitabu vyake ni safi.

Hapo ndipo hesabu yetu inapokosewa zaidi, kwa kuwa sheria inatambua ugonjwa ulioandikwa. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema mwajiriwa aliyekwisha fanya kazi mwezi mmoja mfululizo, akishindwa kazi kwa ugonjwa au kuumia, analipwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa kutokuwapo kwake. Analotakiwa ni kumjulisha mwajiri mapema iwezekanavyo, na akiombwa, alete karatasi iliyotiwa sahihi na mganga aliyesomea kazi hiyo, tena kwa gharama ya mwajiri. Kwa gharama ya mwajiri! Ni wangapi kati yetu tuliowahi kuambiwa hivyo na nyapara? Kibandani hawakupi karatasi. Wanakupa kipande cha gazeti, na hicho hakina sahihi.

Ndivyo ilivyo pia kwa fidia. Mpuliziaji aliyeumia, akitaka kudai chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, ataulizwa alitibiwa wapi na lini mara ya kwanza. Akijibu kwamba alikuwa akimeza Panadol nyumbani kwa miezi sita, wakili wa kampuni atacheka. Tumesindikiza wenzetu katika madai ya namna hii, na tumeona jinsi cheti kimoja cha zahanati, hata kilichokunjwa na kuchafuka, kinavyokuwa na nguvu kuliko mashahidi kumi.

Tunajua jibu litakalokuja. Wengi watasema, sisi ni vibarua, hatuna mkataba, tukisema tunaumwa kesho kuna mtu mwingine langoni. Ni kweli, na ndiyo sababu kusimama mmoja mmoja hakufai. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zimeweka kwamba mtu asifanywe kibarua zaidi ya miezi 4 mfululizo, na baada ya hapo apewe mkataba wa maandishi. Mashamba mangapi yanawaachisha watu mwezi wa tatu na kuwarudisha wa nne? Chama kikidai mikataba kinadai pia haki ya mtu kuugua bila kufa njaa. Katika majadiliano ya mkataba wa pamoja tumezoea kuanza na senti za kilo na senti za tani, na mambo ya zahanati tunayaacha ukurasa wa mwisho, yanapitishwa watu wakiwa wamechoka. Sisi twaona yapande juu. Tudai zahanati ifunguliwe saa kumi na moja alfajiri na tena jioni watu wanaporudi, ruhusa ya kwenda kutibiwa itolewe bila kupitia kwa nyapara anayedaiwa tani, saa za foleni zilipwe kwa wastani wa kipimo cha mtu huyo, na dozi itolewe yote palepale. Maji safi yafike mstarini, si kwenye ofisi.

Gharama yake si kubwa kama wanavyolia. Kipimo cha malaria na dozi moja kamili ni bei ndogo kuliko siku tatu za mkataji aliyelala.

Nasi upande wetu tuna ya kufanya bila kungoja kikao. Ukinunua dawa ya malaria, nunua yote au usinunue. Kama fedha haitoshi, msaidiane kama mnavyosaidiana kwenye msiba. Uliza kama duka lina leseni, maana duka dogo la dawa haliruhusiwi kuuza kila kitu, na kuchoma sindano si kazi yake. Dawa yenye mhuri wa serikali wa kukataza kuuzwa, ukiiuziwa, imeibwa kutoka kituo kile kile ulichoambiwa dawa zimekwisha. Usitupe kasha. Ukienda hospitali, peleka kasha hilo daktari aone ulichomeza.

Wawakilishi wa mashina wanaombwa waanze daftari mwezi huu. Waandike tarehe, kazi aliyokuwa akifanya mtu, anaumwa nini, alipewa ruhusa au alinyimwa, alitibiwa wapi, alipoteza ujira wa siku ngapi. Jina liandikwe kwa hiari ya mwenyewe tu, na daftari lisikae ofisini kwa shamba. Asiyejua kuandika amwambie mwenzake amwandikie jioni. Madaftari yaletwe tawini kabla ya majadiliano ya mkataba, yahesabiwe pamoja.